Mtani Wangu Evarist Kazikwa Bila Kutukanwa

Siamini bado. Evarist yuko ardhini Mlali, na mimi nimerudi Mwembesongo na matusi yangu yote. Sikumpa hata moja.

Nimekasirika, jamani. Anayetaka post ya maua na mishumaa apite kwa jirani.

Kwa msiomjua: Evarist alikuwa fundi seremala wa karakana yetu, Mluguru kabisa. Mimi napiga msasa na vanishi palepale, Mnyamwezi wa Tabora. Watani. Hakuwahi kuniita jina langu. "We mbeba mizigo, leta gundi!" Nami namjibu, "Subiri, mtu wa kulima mlimani huku kajifunga kamba asiporomoke!" Boss alishaacha kutusuluhisha.

Mnara wetu wa kuchezea wakati wa lunch aliutengeneza yeye. Alichukua masalio ya mtiki akayakata sawasawa, mimi nikayapiga msasa. Vipande vitatu vitatu, safu juu ya safu. Unachomoa kimoja chini, unakiweka juu, mkono mmoja tu. Ukiuangusha unaosha vyombo vya wote.

Ulipomchosha akaleta wa rangi na dadu: rangi inayotokea kwenye dadu ndiyo unayochomoa. Kisha wa maswali: ukichomoa kipande unajibu kilichoandikwa. Mimi niliulizwa nitaolewa lini, na mwandiko ule naujua! Mwisho akatengeneza mkubwa wa kufika kifuani, ukawa unaazimwa kwenye send-off za mji mzima.

Na yote hiyo alicheza kwa kuiba! Sheria ilikuwa ukigusa, umechomoa. Yeye anapitisha kidole, tok, tok, anatafuta kilicholegea. Ukimkamata anakuwa mpole kama mtoto wa komunyo: "Nasalimia tu. Hawa wa chini ni wazee, niwapite bila shikamoo?"

Ijumaa alitoka kazini analalamika kichwa. Jumapili nikapigiwa simu. Presha, walisema. Hata kuaga hakuaga, na zamu ya kuchomoa ilikuwa yake!

Basi nikaubeba mnara ule wa kwanza hadi Mlali. Mtani ana kazi yake msibani: anamwiga marehemu, anamtukana, anazuia jeneza mpaka wafiwa wacheke. Nilipanga kuusimamisha mlangoni. Jeneza halitoki mpaka ndugu mmoja achomoe kipande bila kuiba.

Nimeshainama kuupanga, mwenyekiti wa kamati, binamu yake wa Dar, akashika mic. "Dada, tafadhali. Tuheshimu ratiba."

Ratiba gani? Evarist na ratiba walijuana wapi? Wakasoma wasifu mrefu: "mtulivu, mwadilifu, mcheshi kiasi." Mcheshi KIASI! Nilidhani nimekosea msiba.

Nikakaa chini ya turubai kama mgeni, mnara kwenye mfuko wa salfeti miguuni. Wakamzika hivyohivyo, kistaarabu. Iliniuma na inaniuma.

Watu wameshakula, mama yake akaanza kuulizia. "Mnyamwezi yuko wapi? Mwanangu kaondoka kimya, kama hana watani. Tumekukosea nini?"

"Shikamoo mama. Nilikatazwa."

"Na nani? Yeye ndiye aliyekufa?"

Akaniamuru nimwage ule mfuko. Tukaupanga mkekani, mimi na yeye, akina mama wakatuzunguka. Nikamwiga mwanawe: mwendo wake, kidole chake, uongo wake. Mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, na hapohapo akalia. Tulilia wote.

Kisha akajifuta uso, akasema zamu ya Evarist ataicheza yeye. Akapeleka kidole safu ya chini. Tok. Tok.

"Mama! Umegusa!"

"Nasalimia tu, mbeba mizigo."

Evarist! Kumbe wizi umeurithi! Miaka yote nakulaumu wewe, kumbe mwalimu yuko Mlali anapalilia kabichi!

Mnara nimemwachia. Karakanani lunch hii kila mtu kaosha kikombe chake. Bado nimekukasirikia, na matusi yaliyobaki nitamletea mama yako, tuyagawane.

Lala salama, mwizi wangu. Wazee wa huko chini wasalimie mmoja mmoja. Safari hii sikukamati.