Mume na Mke Kwenye Benchi Moja

Chama chetu cha wakulima wa ndengu kilipomaliza kujenga stoo pale Kambu, hatua chache tu kutoka barabara kuu, tulihitaji karani wa kuiangalia. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akiweka magunia yake chini ya kitanda na kumuuzia dalali wa kwanza aliyepiga hodi. Sasa tulikuwa na mabati juu, saruji chini, mizani mpya katikati, na hamu kubwa ya kufanya mambo kama watu wa ofisi. Mwenyekiti akasema hatumchukui mtoto wa mtu yeyote kwa kujuana. Lazima tufanye intavyu.

Mezani tuliketi watatu. Kulikuwa na mwenyekiti, ambaye ni mkulima na pia mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kufungua hata soda bila kuomba kwanza. Kulikuwa na Haji, ambaye watu wake walitoka upande wa Garissa na ndiye mwenye malori yanayobeba ndengu zetu kwenda Mombasa. Tulimwita kwa sababu anayajua makosa yote ya makarani wa stoo kutoka hapa hadi pwani. Halafu mimi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kanyangi huko Kitui, niliyeolewa huku Makueni nikiwa msichana na hadi leo nachekwa kwa Kikamba changu cha ng'ambo ya mto. Kwa sababu ya ualimu nilipewa kazi ya kutunga maswali. Niliyatunga kwa bidii, nikayapeleka kwa saiba, kwenye duka la kompyuta, yakapigwa chapa, na asubuhi hiyo niliyashika kama mtu anayesimamia mtihani wa taifa.

Mtihani wenyewe ulianza vibaya. Kijana wa kwanza aliingia shavu moja limefura. Mwenyekiti, mtu wa huruma, alifikiri jino linamuuma, akasimama na kumwombea uponyaji. Kijana aliposema "Amina," tone la kijani la muguka, yale majani aliyokuwa akitafuna, likaanguka juu ya cheti chake cha kidato cha nne. Mwingine, kabla hata hajaketi, alitaka kujua likizo inaanza mwezi gani. Akaja msichana mmoja nadhifu sana, akajibu kila swali vizuri, nikaanza kufurahi. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alifungua mkoba, akatoa chupa mbili za dawa ya kupunguza mwili, akazipanga mbele ya Haji.

"Hizi ni za tumbo," akamwambia kwa upole. "Ukianza leo, mwezi ujao hutajijua."

Haji aliziangalia, akazisogeza taratibu hadi mbele ya mwenyekiti.

Tukanywa chai ya thamosi ili tutulie, kisha nikatoka nje kumwita anayefuata.

Benchi ya waombaji tulikuwa tumeiweka chini ya dirisha la ofisi, upande wenye kivuli. Dirisha hilo lilikuwa bado halijatiwa kioo, lilikuwa na vyuma tu. Kwenye benchi nilimkuta mwanamume wa makamo kidogo, amevaa koti zito la kanisani katika joto lile la Kambu. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha maua kichwani, ameikumbatia bahasha kifuani. Ni wazi alikuwa ndiyo kwanza anafika.

"Wewe si uko kazini?" mwanamke alikuwa akimwuliza.

"Na wewe si ulisema unaenda chama cha akina mama?"

"Chama ni kesho."

"Basi na kazi ni kesho."

Mimi nilidhani wanagombania mahali pa kukaa. Nikawaambia benchi ni ndefu, inawatosha. Mwanamke akaketi ncha ile nyingine, mgongo umenyooka, macho barabarani. Nikamwita mwanamume ndani.

Aliketi, na mwenyekiti akamwambia ajieleze. Midomo yake ilicheza, lakini hatukusikia kitu. Mwenyekiti akainama mbele. Mimi nikainama. Haji, ambaye sikio lake moja si zima, akainuka nusu kwenye kiti. Mtu yule alikuwa akinong'ona.

"Ndugu," Haji akamwambia, "tuko kwa intavyu ama tunapanga kuiba?"

"Nina mafua," mtu yule akanong'ona.

"Pole. Basi sema kwa nguvu, mafua hayaogopi kelele."

Akapandisha sauti kidogo sana. Tukapata kusikia kwamba ana kidato cha nne, kwamba amekuwa mhudumu kwenye kituo cha mafuta huko barabarani, kwamba hesabu anazijua. Kila baada ya neno la tatu alitupa jicho dirishani. Mwenyekiti akamwuliza, ingawa swali hilo mimi sikuliandika, kama ana mke.

"Ninaye."

"Anafanya kazi gani?"

Akafikiri. "Hadi jana alikuwa nyumbani," akasema. "Leo sijui."

Nikaona ni vizuri tumrudishe kwenye karatasi. Nikamwuliza kwa nini anataka kuacha kazi yake ya sasa. Nilitegemea majibu yale ya kawaida, kwamba anatafuta maendeleo, kwamba anapenda kilimo. Lori likapita barabarani na kutikisa mabati yetu, nalo akalitumia kama pazia, akasema kitu wakati wa kelele zile.

"Umesemaje?" nikauliza, maana mwalimu hajui kuacha.

"Nimesema sijaiacha. Iliniacha. Mwenye kituo aliuza, huyu mpya akaja na watu wake."

"Lini?"

Sauti hiyo haikutoka mezani. Ilitoka dirishani. Tulipogeuka tulimwona yule mwanamke wa kitambaa cha maua amepanda juu ya benchi, mikono yote miwili imeshika vyuma.

"Nakuuliza, lini?"

Mtu yule akageuza kiti chote, akatuonyesha mgongo. "Kabla ya Pasaka," akasema, na mafua yalikuwa yamepona.

"Asi! Na hiyo yunifomu ninayofua kila Jumamosi?"

"Nilikuwa naivaa."

"Ukienda wapi?"

"Kule malori yanapoegesha. Nilikuwa napakia vitunguu."

Nilijitayarisha kwa matusi, na mwenyekiti naye, nadhani, alikuwa anatafuta ombi linalofaa. Lakini mwanamke aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi nilijua kuna kitu," akasema. "Mtu wa petroli harudi nyumbani ananuka vitunguu. Nilikuwa nimeshaamua una mwanamke hapo barabarani, anauza vitunguu. Hata nilipita kwa vibanda nikiwaangalia, mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi."

Haji alikohoa ndani ya kikombe chake. Mume hakucheka. Alikuwa anaangalia viganja vyake, na kutoka nilipoketi niliona jinsi vilivyochubuka. Alisema kwamba kila jioni alitaka kumwambia, na kila jioni watoto walikuwa wakimkimbilia kwa sababu ya ile yunifomu, wakimwita bosi wa petroli. Akashindwa. Akaona atafute kazi kwanza, kisha aje na habari zote mbili pamoja, mbaya na nzuri.

"Mama," mwenyekiti akasema akielekea dirishani, "tafadhali ngoja zamu yako."

"Samahani sana mzee, nawaheshimu. Lakini huyu atanijibu mimi kwanza, halafu nitawarudishia mtu wenu."

Mwenyekiti hakujua la kufanya, kwa hiyo akafanya analolifanya kila Jumapili baada ya ibada: akamwambia aingie ndani waketi wote wawili. Nikaleta kiti cha pili. Na hivyo ndivyo intavyu yetu ya kisasa ilivyogeuka kuwa baraza la ndoa. Mimi bado nilikuwa na karatasi mkononi, nikasoma tu swali lililofuata, bila kulipima.

"Ukikosana na mwenzako kazini, mtasuluhisha vipi?"

Wakajibu kwa pamoja. Mume alisema, "Unamwambia ukweli." Mke alisema, "Unamwuliza alikuwa wapi."

Hapo Haji alicheka hadi akatoa leso. Mke naye akacheka kidogo, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa kicheko mfukoni.

Ikawa zamu yake. Alikuwa karani wa chama cha akina mama huko kwao karibu na Matiliku kabla hajaolewa, akajua kupima, kuandika na kukataa. Lakini hakuweza kutuelekea sisi. Nilimwuliza kwa nini anaitaka kazi hii.

"Muulize huyu," akajibu akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Nilimwambia mwaka jana nataka kufanya kazi, akasema mke wake hawezi kushinda stoo na madereva. Nikanyamaza. Leo nimetoka nyumbani kama mwizi, nikavaa viatu njiani."

"Sikusema hivyo," mume akasema.

"Ulisema. Ulikuwa umeketi kwa kile kiti kinachotingika, unakula muthokoi, ukasema."

"Nilisema ngoja kidogo."

"Nilingoja."

Mwenyekiti akajaribu kuokoa jahazi kwa swali langu la mwisho, kuhusu udhaifu wake. Mwanamke akafungua mdomo, lakini mume akamtangulia, kwa uchungu wa kweli wa mtu aliyejaribu miaka mingi.

"Huyu hasikii akiambiwa! Akishasema hapana, hata umlete askofu, ni hapana. Hata mama yangu mzazi ameshindwa."

Haji akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu," akamwambia, "umemwajiri mke wako."

Hatukuelewa. Ikabidi atueleze walipokwisha kutoka nje. Karani wa stoo, alisema, hafi kwa kutojua hesabu. Anakufa kwa kubembelezwa. Dereva anakuja, anamwita dada, anamletea maembe, anamwomba apitishe gunia lenye wadudu mara moja tu. Dalali anakuja na hadithi ya mgonjwa. "Wallahi, mimi nimetafuta mtu asiyesikia akiambiwa kwa miaka mingi," akasema. "Na leo ameletwa pamoja na shahidi wake."

Mwenyekiti hakupenda. Alimpenda yule mwanamume, na alimwonea huruma. Akasema kazi apewe mume kwa sababu yeye ndiye mwenye familia ya kulisha.

"Na huyo mama, mzee," Haji akauliza, "familia yake ni ya jirani?"

Mwenyekiti alifikiri, akatikisa kichwa, akacheka, akaomba, akakubali kazi iwe ya mke. Tulipotoka kuwaita waje kusikia, tuliwakuta kwenye ile benchi, safari hii katikati, wanagawana soda moja. Alipoambiwa, mke hakuruka kwa furaha. Alimgeukia mumewe kwanza. Mume akavua lile koti, akalikunja juu ya goti, akasema, "Sasa nani atafua?" Nami sikujua kama ni utani au ni swali, na nadhani yeye pia hakujua.

Sitasema mambo yalinyooka siku hiyo. Mke aliniambia baadaye kwamba walitembea hadi nyumbani kila mtu upande wake wa njia, na kwamba jambo lililomuuma si kazi iliyopotea bali kufikiria mumewe akila chakula cha mchana peke yake katikati ya malori, akivaa nguo za kazi asiyokuwa nayo. Mume naye alikaa msimu mzima bila ajira. Alichunga mbuzi, akachukua mtoto mdogo shuleni, akajifunza kupika. Wanaume wenzake walimcheka hadi wakachoka. Saa za chakula alikuwa akileta stoo muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, mgumu kama kokoto, na mke wake aliula mbele ya wapagazi wote bila kukunja uso. Siku moja nilikaribishwa. Nilitafuna hadi taya likaniuma, nikasema ni tamu.

Alichoshindwa kuacha ni ushauri. Akishaweka sufuria, alibaki pale akionyesha jinsi magunia yangepangwa vizuri zaidi. Mke alimvumilia kidogo, kisha akamwambia, "Baba watoto, hapa ni kazini," naye akaokota sufuria akaenda, akilalamika njia nzima.

Mvua za vuli zilipokuwa zinakaribia, aliitwa intavyu kwenye kituo kingine cha mafuta, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Siku hiyo nilikuwa stoo nikingoja ndengu zangu zipimwe, na zamu yangu ilikuwa mbali, maana karani wetu hamjui mwalimu mstaafu wala mjumbe wa kamati. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akaweka mkono mdomoni, kisha akaanza kugomba.

"Wamekuchukua? Na uko wapi sasa? Bado uko ndani? Mbele yao? Woi, baba watoto, zima simu!"

Kutoka simuni, hadi sisi wa kwenye foleni tukasikia, ilitoka sauti ya mtu asiyenong'ona hata kidogo, akiwaambia watu wa upande wake, "Ngojeni kidogo, wakubwa. Namwambia mke wangu kwanza."