Kiingereza Changu cha Glasgow

Kiingereza nilifundishwa na bibi mmoja wa Glasgow, mjane ambaye mlango wake ulitazamana na wetu. Shuleni Mombasa nilisoma kidogo tu, nikaacha. Mume wangu alipopata kazi Uskoti nilimfuata, na kwa kuwa alitoka alfajiri na kurudi magharibi, sauti niliyoisikia mchana kutwa ilikuwa ya yule bibi. Siku ya kwanza aliniita "hen". Nilimuuliza mume wangu maana yake, akaniambia ni kuku jike. Nikanuna. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kule mwanamke huitwa hivyo kwa upole, hata na mtu asiyemjua.

Kwake nilijifunza kwamba "messages" ni vitu vya dukani, maziwa na unga na sabuni, na kwamba "piece" ni mkate uliopakwa siagi anaopewa mtoto mkononi. Nilijifunza pia "dreich", siku ambayo mvua hainyeshi wala haiachi, mbingu imeshuka hadi kwenye mapaa na nguo hazikauki. Mwisho wa neno hilo hutokea kooni, kama kha. Nililitamka mara moja, bibi akapiga makofi. Alisema Waingereza wenyewe linawashinda. Nikamwambia mtu aliyefundishwa Qur'ani tangu utotoni haliwezi kumshinda.

Kisha mume wangu akapata kazi ya kuendesha trela Marekani, tukahamia mji wa Blaine, kaskazini kwenye baridi. Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka rangi. Barabara ni pana na hakuna anayetembea kwa miguu. Yeye akiondoka na mzigo harudi mpaka wiki iishe, binti yetu akienda shule nabaki mimi na dirisha. Hata hali ya hewa sikuwa na jina lake. Hapa baridi kali huja na jua, mbingu ya buluu safi, na ukitoka nje bila kofia masikio yanauma kama yamepigwa. Hiyo si dreich. Bibi hakunipa neno la siku kama hizo.

Nilipopata leseni ya kuendesha gari nikaajiriwa kwenye kituo cha kulelea watoto, chumba cha wale ambao bado hawajaanza kusema. Siku moja mwenzangu aliniuliza nakwenda wapi saa ya mapumziko. Nikamwambia naenda kuchukua messages. Akatazama simu yake.

"Mimi sijakutumia ujumbe wowote," alisema.

Kwa Waswahili wenzangu haikuwa afadhali. Tulialikwa arusi mji wa jirani, Woodbury, wanawake wengi wa pwani, wote wamepaka hina mikononi. Mhudumu Mmarekani alipokuja mezani nikamwagiza chai ya sisi wote. Alipoondoka, dada mmoja aliniinamia.

"Dada, hicho Kiingereza chako ni cha wapi?"

"Cha Glasgow."

"Basi huko walikuonea."

Meza nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Njiani kurudi nyumbani binti yangu aliniambia, kwa Kiingereza kama anavyojibu siku zote, kwamba ningebaki na Kiswahili changu tu, ingekuwa rahisi. Nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili kwa sababu ya barafu.

Halafu likaja jambo la mtoto mmoja pale kituoni. Alikuwa mvulana mnene, mpole, ambaye siku hiyo aliamka usingizini mchana akiwa analia, na hakunyamaza tena. Nilimbeba mpaka mgongo ukauma. Mama yake alipokuja kumchukua, ameshika funguo za gari mkononi, nilimwambia kwamba mtoto alikuwa "greeting" tangu aamke. Kwa bibi wa Glasgow neno hilo ni kulia. Kwa watu wengine wote ni kutoa salamu.

Uso wa yule mama ukachanua. "Kweli? Alikuwa anasalimia watu?"

Alitumia neno lile lile, greeting, nami masikioni mwangu bado lilikuwa kulia. Nikashangaa kwa nini anafurahi, lakini nikaitikia kwamba ndiyo, tena sana. Akambusu mtoto shavuni, akamsifu, wakaondoka.

Asubuhi alirudi bila mtoto. Usiku homa ilikuwa imempanda, na daktari alikuta sikio limeingiwa na maambukizi. "Nilikuuliza," aliniambia mbele ya msimamizi wetu. "Ukaniambia alikuwa anasalimia."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maneno yakinikimbia, mpaka msimamizi akaelewa na kumfafanulia.

"Nani anasema hivyo?" yule mama aliuliza.

"Watu wengi. Kule nilikotoka."

"Lakini wewe si umetoka Afrika?"

Mtoto alipona, akarudi baada ya siku chache, na mama yake akawa ananisalimia kwa adabu. Msimamizi hakunikaripia. Aliniomba tu, kwa sauti ya chini, nitumie maneno ya kawaida.

Nikayatumia. Nilisikiliza wenzangu wanavyosema, nikasema vivyo hivyo, na majira yote ya baridi hakuna aliyeniomba nirudie. Jumapili moja nikampigia bibi wa Glasgow, ambaye sikuwa nimeongea naye tangu tuhame.

"Sinunui kitu," alisema nilipomsalimu, akidhani mimi ni wale wanaouza vitu kwa simu.

Nikataja jina langu. Kisha akasema sauti yangu imekuwa kama ya kwenye televisheni. Alifurahi, najua alifurahi. Alianza kunihadithia magoti yake na wapangaji waliochukua nyumba yetu, kwa kasi yake ileile, na nikajikuta namwomba arudie. Mara ya pili nilipomwomba alipunguza mwendo, akatenganisha maneno moja moja, kama tunavyozungumza na mgeni. Nilimshukuru, nikamwambia nitampigia tena.

Kesho yake kazini theluji ilianguka tangu asubuhi na watoto waliletwa wachache. Mwenzangu alitoka kwenda kuchukua nepi, nami nikabaki na kichanga cha kike kilichoanza kulia. Nikakilaza begani. Nikatazama mlango kwanza. Kisha nikakiambia sikioni, "Wheesht", neno la Glasgow la kumnyamazisha mtoto. Kililia kidogo tena, kikalala, nami nikaendelea kusimama nacho pale katikati ya chumba, nikilisema polepole, mpaka niliposikia hatua za mwenzangu zinarudi.