Lugha ya Kwanza ya Dada Simu

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kununua hata viatu peke yake. Mtoto akipata shule, kikao. Binti akichumbiwa, kikao. Paa likivuja, kikao, na mvua inaendelea kunyesha huku wajumbe wakitoa maoni. Ndivyo marehemu baba yao, mwalimu mkuu, alivyowalea: jambo la mmoja ni la wote, ili likiharibika asiwepo wa kuchekwa peke yake. Kwa hiyo Dada Simu alipotangaza, Jumapili baada ya chakula, kwamba anakwenda kujifunza kuandika programu za kompyuta, na kwamba ana wiki moja ya kuchagua lugha ya kuanzia, alijua fika atakachokipata.

"Kikao," alisema Kaka Mkubwa, akavuta kiti.

Jina la Dada Simu alipewa kazini, likamfuata mpaka nyumbani. Tangu ujana wake alikuwa akipokea simu za hospitali kubwa, katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, chenye dirisha moja, birika la chai na ubao wa namba za ndani ambao hakuuhitaji, kwa kuwa namba zote zilikuwa kichwani mwake. Madaktari walimjua kwa sauti. Wagonjwa waliopona walikuja dirishani kumwangalia, wakashangaa kuona ni mama mfupi mwenye miwani, maana sauti ile walidhani ni ya mtu mrefu.

Sasa hospitali ilikuwa imeleta mashine ya kupokea simu. Bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri. Mkuu wa utawala aliwaita wahudumu wa simu akawaeleza bila kuzungusha: atakayesoma kozi ya jioni chuoni na kufaulu mtihani wake atahamia ofisi ya kompyuta. Asiyefaulu atastaafishwa. Chuoni kulikuwa na madarasa matatu, kila moja na lugha yake ya programu, na ukishaingia moja huwezi kuhamia jingine katikati ya njia.

Dada Simu hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga, karibu na hospitali, na redio yake, na ufunguo wake. Akistaafishwa kabla ya wakati, atahamia chumba cha uani kwa kaka yake. Kaka yake angempokea kwa mikono miwili, hilo halikuwa na shaka. Wifi yake angemtandikia shuka mpya. Lakini kwenye nyumba ya mtu, hata ikiwa ya ndugu wa tumbo moja, unauliza kabla ya kubandika maji ya chai. Hilo ndilo lililomkosesha raha, na hakulisema, kwa sababu kulisema kungekuwa kumtukana kaka.

"Haya," alisema Kaka Mkubwa. Alikuwa mhandisi wa umeme, amestaafu kwa heshima zake, na kila alipoongoza kikao alivaa miwani hata kama hapakuwa na cha kusoma. "Wagombea ni akina nani?"

"Wagombea?" Dada Simu akacheka. "Ni C, JavaScript na Python."

"Basi kikao kimekwisha. C. Mimi chuoni nilisoma C. Ndiyo mama wa nyingine nyingi. Mtu wa nyumba hii haanzii ukweni, anaanzia kwa wazazi."

"Ina umri gani hiyo?" aliuliza wifi, ambaye alikuwa akimenya chungwa na kumgawia kila mtu bila kumuuliza.

"Imepita hamsini."

"Mh. Na hizo nyingine?"

"Zimepita thelathini au zinakaribia huko," alijibu mwanawe, kijana mwenye mke na kitambi kinachoanza, aliyekuwa akitengeneza kurasa za mtandao katika benki. "Lakini shangazi, usidanganywe na umri. Chukua JavaScript. Kila ukurasa unaoufungua, iko ndani. Ukiijua hulali njaa."

"Na tabia yake?" aliuliza wifi.

"Mama, ni lugha ya kompyuta, si mchumba."

"Kila kinachoingia katika nyumba hii kinaulizwa tabia. Hata wewe mkeo tulimuuliza."

"Mlimuuliza mpaka akalia."

"Akalia, akaolewa," alisema wifi. "Na hiyo ya tatu?"

Kijana akaeleza kwamba Python ni nyepesi, huwafaa wanaoanza, wengi huanzia hapo. Kaka Mkubwa akavua miwani. Nyepesi, alisema, maana yake ya watoto. Dada yake ni binti wa mwalimu mkuu, hawezi kuonekana chuoni anapewa uji. Wifi naye akasema kwamba amewahi kusikia python ni chatu, na majirani wakiuliza wifi yako anasoma nini jioni zote hizi, yeye hatasema chatu.

Penye wengi pana mengi. Jioni ilipoingia walikuwa wamekubaliana kwa sauti mbili dhidi ya moja kuwa ni C, na mhusika mwenyewe hakuwa amehesabiwa katika hizo tatu. Dada Simu alikunja kanga yake, akaaga. Mlangoni akamvuta mpwa wake kando.

"Jumamosi mchana uko?"

"Nipo, shangazi."

"Niwekee zote tatu kwenye kompyuta yako. Nataka kuzisikia zinavyoongea."

Wiki ile alifanya kazi yake kama kawaida, ila alijikuta akijisikiliza. Mzee mmoja alipiga akaomba chumba ambacho hakikuwapo katika hospitali nzima. Dada Simu akamwambia, "Baba, hicho chumba hatuna. Mgonjwa wako kalazwa kwa ugonjwa gani?" Mzee akasema mguu, na kwa mguu wakafika. Alipoweka simu chini alikumbuka yule mhudumu mwenzake wa zamani ambaye, akichoshwa na mtu, alimuunganisha popote ili aondoke kwenye laini yake. Mtu alitafuta maabara akajikuta jikoni. Wapishi walishazoea kuulizwa majibu ya vipimo.

Jumamosi mchana akaketi na mpwa wake sebuleni kwa kaka. Kompyuta iliwekwa juu ya kitambaa cha meza, kile cheupe cha wageni, wifi akakitoa haraka akaweka cha kila siku. Kaka Mkubwa alikaa nyuma yao na gazeti, lakini gazeti halikufunguliwa.

"Tuanze na kuandika jina lako," alisema mpwa. "Kila mtu huanzia hapo."

"Jina langu nalijua. Nifundishe kukosea."

"Umesemaje?"

"Hapo darasani nitakosea kuliko nitakavyopatia. Sasa nataka nijue kila moja ikimkuta mtu amekosea inamwambiaje."

Mpwa akamtazama baba yake. Baba yake akatazama gazeti.

Wakafanya hivi. Katika kila lugha kijana aliandika orodha ndogo ya namba za ndani: ya wodi ya wazazi, ya maabara, ya duka la dawa. Namba tatu tu. Kisha Dada Simu akamwambia aiombe kompyuta namba ya kumi.

"Lakini ya kumi haipo, shangazi."

"Ndiyo. Watu huomba visivyokuwapo kila siku. Iombe."

Walianza na C, kwa heshima ya mwenye nyumba. Kijana akabonyeza. Ikatoka namba, ndefu, imenyooka, haina wasiwasi wowote.

"Hiyo namba imetoka wapi?" aliuliza Dada Simu.

"Popote. Ni kitu tu kilichokuwa kimelala kwenye kumbukumbu ya kompyuta, jirani na orodha yetu."

"Kwa hiyo nimeomba chumba kisichokuwapo, na imeniunganisha jikoni."

"Ngoja," alisema Kaka Mkubwa. Gazeti lilikuwa limeanguka. "Usiionee. C inamwamini mwandishi. Inachukulia kwamba unajua unachokifanya, haikuingilii. Ndiyo maana ina kasi."

"Naelewa, kaka. Ni heshima kubwa. Lakini mimi sijui ninachokifanya. Ndiyo maana naenda darasani."

Kaka Mkubwa akaokota gazeti.

Wakaja kwa JavaScript. Ikaandika neno moja, kwamba kitu hicho hakijafafanuliwa, na programu ikaendelea na mambo yake hadi mwisho.

"Hii imesema kweli," mpwa aliitetea. "Imekwambia hakipo."

"Imesema. Lakini imesema kama karani anayekata kucha. Na baada ya hapo imeendelea na shughuli zake, mimi nimebaki nimesimama."

"Shangazi, unaionea. Ukishaizoea utaipenda."

"Wewe umeizoea, na unaipenda, na nakuombea dua. Ya tatu."

Ya tatu ilisimama palepale. Haikumaliza programu. Ikataja mstari wenye kosa, ikauonyesha mstari wenyewe, kisha ikasema kwamba kilichoombwa kimevuka mwisho wa orodha. Dada Simu aliinama akasoma mara mbili, miwani ikimteleza puani. Akamwambia kijana arekebishe, aombe ya kwanza. Ikatoka ya pili, ya maabara, na kijana akaeleza kwamba lugha hizi zote tatu huanza kuhesabu kutoka sifuri.

"Hilo nalo ni jambo la ajabu," alisema wifi kutoka mlangoni. "Hata watoto wa chekechea huanza na moja."

"Hilo tutalivumilia," alisema Dada Simu. "Kila ukoo una lake."

Halafu akageuka, akamkabili kaka yake, mikono ikiwa juu ya magoti kama alivyokaa mbele ya baba yao zamani akiwa na ripoti ya shule. Katika maisha yake hakuwahi kukataa uamuzi wa kikao.

"Kaka, jioni nikirudi chumbani kwangu hakutakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea wapi. Nikisoma C nitakosea na nisijue, mpaka siku ya mtihani. Nikifeli ule mtihani..." Akakunja ncha ya kanga yake. "Napenda kuja hapa Jumapili. Napenda kuja, na napenda kurudi kwangu."

Wifi aliacha kufuta meza. Kaka Mkubwa alivua miwani akaisafisha kwa ncha ya shati, kazi iliyochukua muda kuliko uchafu uliokuwapo.

"Mimi nilipoanza," alisema hatimaye, "nilikuwa na mwenzangu wa chumba. Kila nikikwama alikuwa anainuka kitandani, ananiambia, rudi mstari ule. Bila yeye nisingefika popote." Akavaa miwani. "Soma hiyo inayokwambia mstari. Lakini siku moja utaisoma na C."

"Nikishaweza, kaka."

"Na jina la chatu?" aliuliza wifi.

"Waambie majirani anasoma kompyuta," alisema mumewe. "Hakuna atakayeuliza zaidi. Wataogopa kuonekana hawajui."

Darasani Dada Simu alikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Alikosea kuliko wote, kwa sababu alijaribu kuliko wote, na kila kosa lilipotokea alilisoma mpaka mwisho wakati vijana waliomzunguka walilifunga kabla halijamaliza kusema. Aliizoea sauti ile kavu, isiyo na matusi wala mapambo. Mara moja moja aliijibu kwa mdomo, "Ahsante, nimeona," na aliyekaa naye dawati moja akaacha kushangaa. Mtihani aliufaulu, si kwa kishindo, katikati ya orodha, mahali ambapo mtu anapumua. Mwezi uliofuata alihamia ofisi ya kompyuta, ghorofa ya pili, kwenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari ya wagonjwa, na kazi yake ya kwanza ikawa kuirekebisha ile mashine ya simu, ili mtu akibonyeza namba isiyokuwapo isimkatie, imwambie haipo na imwulize anamtafuta nani.

Jumapili iliyofuata nyumba ilijaa. Jirani mmoja alimpongeza, kisha akamuuliza Kaka Mkubwa ilikuwaje dada yake, kwa umri ule, akajua lugha ipi ya kuanzia, maana mwanawe mwenyewe ameanza mbili na kuziacha zote.

"Hilo si la mtu mmoja," alisema Kaka Mkubwa, akikaa vizuri kitini. "Sisi tulikaa kikao. Tukazichunguza zote tatu, tabia zake, ukoo wake, namna zinavyomsemesha mtu aliyekosea. Tukaona Python."

Mpwa akakohoa kwenye kikombe. Wifi akamkanyaga mguu chini ya meza.

Jirani akamgeukia Dada Simu. "Kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Dada Simu, akamsogezea kaka yake sahani ya machungwa. "Tulikaa kikao."

Wakala, wakaongea mengine. Jua lilipopungua akaaga mmoja mmoja, akavaa viatu vyake mlangoni, akarudi kwake.