Jiwe la Kuwekea Chakula

Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho karibu na ziwa. Ukutani palitundikwa mivukuto miwili ya ngozi ya kupulizia moto, na kijana aliyetuongoza akasema wahunzi wa zamani hawakumruhusu mwanamke kulikaribia tanuri la chuma. Kisha akasogea kwenye ngoma. Mimi nilibaki pale, ndugu yangu, miguu yangu ikiwa Mwanza na mimi mwenyewe nikiwa Geita, nina miaka kumi tena.

Ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita. Shuleni kwetu wasichana tulikuwa watatu tu. Mwalimu alipenda mambo ya kale, na asubuhi moja ya kiangazi alitupeleka kilimani kuona matanuri yaliyozimika siku nyingi. Bibi yangu aliposikia, akasema naye anakwenda, kwa sababu baba yake alikuwa mhunzi kule. Tuliondoka ukungu ungali umelala kwenye mabua ya mtama. Nilibeba kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na harufu yake tamu ilinifuata njia nzima.

Bibi alitembea akisimulia jambo nililolisikia mara nyingi anaposaga mtama. Utotoni, yeye ndiye aliyempelekea baba yake ugali. Chini ya matanuri palikuwa na jiwe bapa ambalo mwanamke hakulivuka, hata akiwa mtoto. Wala hakuruhusiwa kuita, maana waliamini sauti ya kike huharibu chuma. Aliweka chakula juu ya jiwe, akasimama juani kusubiri. Baba alishuka ugali umeshapoa, akala kimya, akarudi juu.

"Alikuwa ananiona," bibi alisema. "Ananiona, ananiacha nisimame."

Tulipofika kwenye jiwe, bibi akasimama. Wavulana wakacheka, wakasema miguu imemgomea. Akawajibu kuwa miguu ile ilipanda pale kabla baba zao hawajaacha kunyonya. Mwalimu akarudi kumchukua kwa upole.

"Mayu," alisema, kama tunavyomwita kila mama wa kuheshimiwa, "moto ulizimika zamani. Pita tu."

"Moto umezimika, mwalimu. Baba hajaniambia nipite."

Kisha akanivuta pembeni. Akanituma nikakae pale ambapo baba yake alimwambia hukaa, upande wa machweo wa tanuri la mwisho, nitazame chini, nimwambie kama anaonekana.

Nikapanda. Wenzangu walikuwa wanaokota vipande vya mirija ya udongo iliyokuwa ikipitisha upepo wa mivukuto. Nyuki walivuma kwenye majani makavu. Nikakaa kwenye ardhi yenye joto, nikatazama. Mbele yangu palikuwa na rundo la mavi ya chuma, yale masalio ya mawe yaliyoyeyushwa, meusi, yanayong'aa, refu kunipita. Juu yake niliona ziwa kwa mbali, jembamba, jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Bibi sikumwona. Nikainama kushoto, nikainama kulia. Sikumwona.

Nilishuka polepole. Sikujua jibu lipi lingempendeza, basi nikasema nilichokiona.

"Huonekani, bibi. Kuna rundo."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa."

Akakaa juu ya jiwe lile, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Akachukua tobolwa moja kikapuni, akatafuna muda mrefu akitazama kilimani.

"Kumbe," alisema. "Kumbe maskini alikuwa na njaa, hajui nimefika."

Tangu siku hiyo sikusikia tena habari ya kusimamishwa juani. Akisaga, alisimulia jinsi baba yake alivyocheka, na jinsi alivyompa jembe dogo la kuchezea. Sikuwahi kujua kwamba mtu yule aliwahi kucheka. Bibi alifariki kabla vita havijaisha.

Kilima kile sasa kimechimbwa na watafuta dhahabu. Nilipita huko mara moja, nikakuta mashimo na maturubai, na mawe yote yamepondwa. Matanuri hayapo, jiwe halipo, wala hakuna wa kumuuliza.

Liko jambo moja sijamwambia mtu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipowaza kwamba marundo yale hukua mwaka hadi mwaka, na huenda bibi alipokuwa mtoto rundo lile lilikuwa fupi, halikuziba kitu. Bibi alikuwa mtoto wa mhunzi. Lazima alilijua hilo kuliko mimi. Lakini hakulitaja, akaendelea kutafuna tobolwa lake, na jua likiwa juu yetu.