Mwili Si Bidoni la Kujazia Safari

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwadi Kabamba anamwamuru Tata Mwamba ainue miguu ya mkewe. Mwadi, muuguzi wa wodi ya upasuaji, katika hospitali moja ndogo ya Dilala mjini Kolwezi, kusini mwa Zaire, ameweka vidole juu ya mshipa wa mkono wa mgonjwa na kufumba macho.

Miguu ikiinuliwa, damu inarudi moyoni. Mapigo yakipata nguvu, mwili unaomba maji ya mshipani. Yasipobadilika, maji zaidi yataishia mapafuni. Mashine ya kupimia mambo hayo ilikuwapo, waporaji waliibeba.

"Hakuna kitu yenye kubadilika," anasema Mwadi. "Mushushe."

Mgonjwa, Tshibola, alipasuliwa tumbo juzi. Leo ameamriwa kutoka mjini, mshono ukiwa bado mbichi, kwa kosa moja tu: ni Mkasai, mtu ambaye asili yake ni mkoa jirani wa Kasai, si Katanga hii. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakufika Kolwezi mwaka huu wa 1993. Hapa watu wanaambiwa toka mchana kweupe, na majirani wanapiga makofi.

Mwamba amekumbatia chupa ya mwisho ya maji ya mshipa iliyobaki wodini.

"Mama, umuwekee yote sasa," anaomba. "Mu treni hakuna mayi. Abebe ya njia mu mwili."

Ombi hilo Mwadi amelisikia kwa kila familia inayoondoka na mgonjwa.

"Tata, mwili haiko bidoni, dumu ya kujaza mayi!" anafoka. "Ukijaza hii yote, utamuzamisha mbele ya treni kufika Tenke. Sikia kifua yake, tayari inakoroma."

Si Mwamba anayemkasirisha, na anajua. Anamgeukia mwandishi wa habari hii, anayefuatana naye tangu alfajiri. "Andika. Mi ni Mukatanga, na nasikia haya, aibu ya hii kufukuza batu."

Kazi hii alifundishwa na Tata Ntumba, muuguzi wa dawa za usingizi, Mkasai aliyezaliwa Kolwezi. Wakati huo Mwadi alikuwa mgeni wa kazi, akiogopa hata kumgusa mgonjwa. "Ni yeye aliweka bidole byangu hapa," anasema, akigusa mshipa wa mkono. Vijana walimtoa Ntumba nyumbani kwake akiwa na ndara miguuni, na hakuna aliyemtetea. Mwadi anakiri hasira hiyo haimwachi alale.

Saa nne, stesheni imejaa magodoro, masufuria na watoto wanaolia. Tshibola amelazwa juu ya kitenge. Mwadi anamfundisha Mwamba kile kipimo cha asubuhi: inua miguu, shika mshipa, sikiliza kifua. Miguu ikiinuliwa njiani na mapigo yakipata nguvu, ampe mkewe maji ya sukari na chumvi, funda moja moja. Sasa mwanamume huyo anaupata mshipa bila kuonyeshwa.

Kijana mmoja anapaza sauti kutoka kwenye uzio: "Mama, unasaidia bageni?"

"Bageni gani? Huyu alizaliwa Kolwezi mbele ya wewe kuzaliwa!"

Treni inapowasili, Mwadi anapanda nao, ile chupa ikiwa mkobani kwa wakati mwili utakapoiomba. Anakusudia kumfikisha Tshibola akiwa hai hadi Kamina, mji ulio kwenye reli ya kwenda Kasai, ambako amesikia masista wanapokea wagonjwa, kisha arudi wodini kwake.

Wakubwa wa hospitali wamemwonya kwamba akisafiri, kazi yake itapewa mwingine.

"Bamupatie," anasema, akimwegemeza Tshibola begani mwake. "Lakini nani atamuonyesha huyo mwingine pa kuweka bidole? Benye kujua, bote bamebafukuza."