Jina Lililosubiriwa Maramba

Jumatatu nilikuwa Tanga mjini, kwenye kaunta ya wakala wa gazeti, nafuatilia nakala zangu. Mbele yangu alisimama binti mwenye mtandio mweusi. Alimpa shikamoo karani, mama wa makamo, kisha akamkabidhi karatasi: tangazo la hitma ya arobaini ya baba yake, huko Maramba.

Mama akaisoma akifuata mistari kwa kalamu. "Umeandika vizuri. Nani, lini, wapi, vyote vimo. Lakini mtoto aliyetajwa ni kaka yako tu. Wewe je?"

"Nasoma uandishi wa habari, mama. Tumefundishwa mwandishi hajiweki ndani ya habari."

"Hii si habari, mwanangu. Ni msiba wako."

Binti akaipokea kalamu, asiandike, akawa anaizungusha vidoleni. "Baba kila akipata gazeti alilipekua kutafuta jina langu. Nilipomaliza diploma nikamwambia asubiri kidogo, naunganisha digrii hapo hapo chuoni, ndipo ataliona."

Mama alimgeuzia karatasi, akamwonyesha nafasi iliyobaki chini ya jina la kaka.

Sisi wa magazeti hupenda kuwaambia vijana wasiwe na haraka ya kuchapishwa. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi. Alhamisi nililikuta jina la binti kwenye ukurasa wa matangazo, kwa herufi ndogo. Juu yake walikuwa wameweka picha ya baba yake, kavaa miwani ya kusomea.