Nilivyonawa Mikono kwenye Tofu ya Wakwe

Haya, chekeni mapema tumalize, maana najua hapa Malvern, Toronto, mmeshalisikia nusunusu: ndiyo, mimi ndiye niliyenawa kwenye maji ya kugandishia tofu, tena kwa sabuni, tena kwa wakwe.

Mimi si mtu wa safari. Nikipanda basi kwenda dukani nikarudi, hiyo kwangu ni ziara (kochi langu limeshashika umbo langu). Lakini binti yangu Neema kachumbiwa na Wei, na kwao Wei ni China, kijiji cha mlimani chenye mtaa ambao kila nyumba inatengeneza tofu, ile jibini ya soya, kwa mikono, na mama yake alitaka anione kwanza ndipo atoe baraka. Kwenye ndege Neema alinionya, “Mama, usifanye chochote mpaka uambiwe.” Kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Tukafika, mimi, Neema na Wei, mtaa mwembamba wa mawe, moshi kila mlango, soya inachemka. Mama yake Wei, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alikuwa anakoroga sufuria kubwa, kwa sababu jioni ukoo mzima ulikuwa unakuja kula tofu hiyo na kunitazama. Mezani palikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu na taulo pembeni. Sasa niambieni, umelelewa Mwanza, chakula kinaiva, beseni liko mezani, ni la nini? Nikaona nisingoje kunawishwa kama malkia. Nikatoa kipande cha sabuni kwenye mkoba (cha hotelini, msiniulize), nikajisugua mpaka viwikoni.

Kugeuka, mama yake Wei kashika upawa hewani.

“Mama,” Neema akasema, kwa Kiswahili, ndipo nikajua mambo yameharibika, “umefanya nini?”

Wei akanieleza taratibu kama anayetoa habari za msiba: yale ni maji yaliyobaki kwenye tofu ya jana, huachwa yachachuke, ndiyo yanayogandisha ya leo. (Mimi mwenyewe nagandisha mtindi kwa mtindi wa jana, kwa hiyo kuelewa nilielewa, ila povu lilikuwa limeshajaa.)

Hapo mwenye akili angekaa. Mimi nikabeba beseni nikamwage, nikateleza kizingitini, maji ya sabuni yakateremka mtaa mzima na kila mlango ukatoa kichwa. Mama yake Wei akachukua ndoo, akaenda kubisha kwa majirani kuomba maji yao, mimi nyuma yake nimeinama, na kila mlango anaeleza huku akiigiza nilivyosugua viwiko. Kufika mlango wa mwisho, watu walikuwa wanacheka hata kabla hajaanza.

Jioni tofu ikaganda, ukoo ukaketi. Mjomba mmoja akanusa kipande chake, akanitazama, akanusa tena. Nikajua mwanangu nimemharibia ndoa. Mama yake Wei akasema neno, meza yote ikaangua kicheko.

“Anasemaje?” nikamnong’oneza Wei.

“Anasema katubariki. Ila harusi ifanyike kwenu Toronto, mtaa huu hauwezi ziara yako ya pili.”

Basi harusi ni hapa hapa Scarborough, na mimi nimeapa: nikiingia nyumba ya watu nakalia mikono yangu kama mtoto wa chekechea, hata njaa iniume vipi, mpaka mwenye nyumba mwenyewe aninyooshee kidole aseme, haya, nawa.